Kabla Hujaficha Chupa Kwenye Begi: Mwongozo wa Kinywaji kwa Abiria wa Ziwa Victoria

Jioni ya safari ya Bukoba, nje ya geti la Bandari ya Mwanza Kaskazini, abiria hununua vitu vitatu kwa haraka: maji, karanga na kitu cha kusukumia usiku. Hicho cha tatu ndicho kinachozungumziwa hapa. Wapo wanaokinywa palepale wakamaliza. Wapo wanaosubiri kaunta ya melini. Na wapo wanaokipenyeza: chupa ndogo ya pombe kali ndani ya soksi, katikati ya kitenge kilichokunjwa, au ndani ya chupa ya maji iliyomwagwa maji yake. Kwenye gati la kivuko cha Kamanga, kinachovusha watu kati ya jiji la Mwanza na upande wa Sengerema, safari ni fupi, lakini tabia ni ileile. Foleni ya magari ikirefuka, dereva na abiria wake hujikuta wamekaa baa wakisubiri zamu.

Ukiwauliza wanaoficha, wengi watakujibu neno moja: bei. Bia ya majini ni ghali kuliko bia ya nchi kavu, na hakuna anayependa kulipa zaidi kwa kitu kilekile. Malalamiko hayo yana haki yake. Lakini chupa iliyofichwa ina gharama ambayo haiandikwi kwenye bili, na mwongozo huu unaanza na gharama hiyo kabla ya kukuonyesha namna ya kusafiri na kinywaji bila kukamuliwa na bila kuhatarisha maisha, yako au ya jirani yako.

Kwa nini bia ya majini hupanda bei

Kreti inayouzwa melini imebebwa kwa gari hadi gatini, ikapandishwa kwa mgongo wa mtu, ikawekwa kwenye jokofu linaloendeshwa na jenereta ya meli usiku kucha. Anayeendesha kaunta ana wateja wa safari chache kwa wiki, na katika hizo chache lazima arudishe mtaji, mishahara na malipo ya nafasi yake. Chupa tupu nazo lazima zirudi nchi kavu zikiwa nzima. Hizo ni gharama za kweli.

Sababu nyingine ni kwamba huna pa kwenda. Mtaani Kirumba ukiambiwa bei usiyoipenda unavuka barabara. Katikati ya ziwa hakuna baa ya pili. Muuzaji analijua hilo, nawe unapaswa kulijua kabla ya kupanda.

Kwenye meli kubwa za utalii, zile zinazotia nanga Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, jambo hili limekuwa msingi wa biashara nzima. Kampuni kama Carnival na Royal Caribbean hupata takriban theluthi moja ya mapato yao kwa vitu vinavyouzwa ndani ya meli na safari za pembeni, na vinywaji vina sehemu kubwa humo. Nauli inaweza kutangazwa ya chini kwa sababu wanajua abiria atalipa kaunta. Ndiyo maana kampuni hizo hukagua mabegi kwa mashine na kuzuia pombe ya abiria.

Kwa nini chombo hakitaki chupa yako

Biashara ni sehemu tu ya jibu. Sehemu kubwa zaidi, na inayostahili kueleweka na kila anayekaa kando ya ziwa hili, ni usalama.

Mwanza haihitaji kukumbushwa maana ya ajali ya majini. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya waliokufa walizikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Ajali hizo mbili hazikusababishwa na pombe ya abiria. Zilihusu vyombo vilivyobeba kupita uwezo wake. Lakini zinafundisha jambo linalomgusa mnywaji moja kwa moja: chombo kikianza kulala upande, muda wa kutafuta boya, kumshika mtoto na kufika mlangoni ni mfupi mno. Muda huo unamtaka mtu mwenye akili zake zote.

Kuna ajali nyingine kwenye ziwa hilihili ambayo kinywaji kilikuwa ndani yake. Jumamosi tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iliyojulikana kama MV Templar ilizama upande wa Uganda, karibu na ufukwe wa Mutima wilayani Mukono. Watu walikuwa kwenye sherehe ya mwisho wa wiki, muziki ukipigwa na vinywaji vikitembea. Boti haikuwa na kibali, hali yake ilikuwa mbovu, ilibeba watu wengi kuliko uwezo wake, na wengi wa abiria hawakuwa wamevaa jaketi za kujiokolea. Waliokufa walizidi 30, na ufukwe haukuwa mbali. Anayetaka kuelewa kwa nini baharia anakunyang'anya chupa aanzie hapo.

Mwilini, pombe hufanya mambo manne yasiyofaa majini. Inaharibu mizani ya mwili, na sitaha iliyoloa inayoyumba haimsamehi mwenye mizani mbovu. Inampa mtu ujasiri asiostahili, akakaa juu ya reli au akaegemea mlango wa magari. Inafungua mishipa ya damu kwenye ngozi, hivyo mnywaji anahisi joto huku mwili wake ukipoteza joto hilo kwa upepo wa usiku. Na inaongeza kichefuchefu: mtu ambaye angestahimili mawimbi akiwa mkavu hutapika akiwa amekunywa. Ongeza tabia ya Ziwa Victoria lenyewe, ambako mvua za radi hupenda usiku na alfajiri, yaani saa zilezile ambazo meli ya Bukoba iko katikati ya maji.

Hesabu ambayo mficha chupa haifanyi

Jambo moja halizungumzwi vya kutosha. Kuficha hubadilisha kinywaji chenyewe. Hakuna anayeficha bia nne: ni nzito, zinagongana, na zinapata joto. Anayeficha huchagua pombe kali kwa sababu inachukua nafasi ndogo. Mtu ambaye nyumbani ni mnywaji wa bia mbili anajikuta melini ni mnywaji wa pombe kali, kwa sababu tu ndiyo iliyoenea kwenye soksi. Viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali, vilipendwa kwa sababu hiyohiyo hadi Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Vilikuwa vinaingia kwenye mfuko wa shati.

SANDUKU: KIASI KILICHOMO KWENYE CHUPA

Ili kupata gramu za kilevi halisi, chukua mililita za chupa, zidisha kwa asilimia ya kilevi iliyoandikwa kwenye lebo, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79.

- Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5: takriban gramu 20.
- Mvinyo wa mililita 750 wenye asilimia 12: takriban gramu 71, sawa na bia tatu na nusu.
- Chupa ndogo ya Konyagi, mililita 200 yenye asilimia 35: takriban gramu 55, sawa na bia karibu tatu.
- Mzinga wa mililita 750 wenye asilimia 35: zaidi ya gramu 200, sawa na bia kumi.

Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa, maji ya baridi na kuoga haviharakishi kazi hiyo.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye safari. Aliyemaliza chupa ndogo ya mililita 200 wakati meli inatoka Mwanza usiku anahitaji takriban saa sita hadi nane mwili wake uisafishe. Anaposhuka Kemondo au Bukoba alfajiri, huenda bado ana kilevi kwenye damu. Kama ana gari linalomsubiri, au pikipiki ya kwenda Muleba, yeye bado ni mlevi barabarani ingawa kichwa kinamwambia amelala vizuri.

Na pesa? Chukua mfano wa hesabu tu. Kama bia inauzwa 2,000 mtaani na 3,000 melini, mnywaji wa bia mbili analipa 2,000 zaidi kwa safari nzima. Kwa kiasi hicho anakwepa kufokewa getini, kunyang'anywa chupa aliyoilipia, na uwezekano wa kuachwa gatini. Anayetaka bia sita ana tatizo kubwa kuliko bei.

Hatua za kufuata kabla ya kupanda

1. Uliza kanuni ya chombo unachopanda. Meli, boti na vivuko havifanani. Kimoja kina kaunta, kingine hakina. Kimoja kinaruhusu chupa iliyofungwa ikae kwenye mzigo, kingine hakitaki kuiona. Soma nyuma ya tiketi na maelezo ya dirishani. Kama hayapo, muulize mkata tiketi waziwazi: "Samahani dada, nina zawadi ya mvinyo ya mzee wangu Bukoba, naruhusiwa kupanda nayo?" Swali la adabu likiulizwa mapema hupata jibu la adabu.

2. Uliza bei ya kaunta siku hiyohiyo. Waliosafiri wiki iliyopita wanazijua. Ukishajua bei, amua kiasi chako ukiwa bado nchi kavu, na ukitenge kwenye mfuko wake mbali na nauli ya mbele.

3. Kula chakula cha kushiba. Ugali na sato kabla ya safari hupunguza kasi ya kilevi kuingia kwenye damu, na husaidia tumbo kwenye mawimbi. Mchuzi mwepesi na chapati moja hautoshi.

4. Beba maji yako, angalau lita moja na nusu. Maji ndicho kitu ambacho abiria wengi hununua melini kwa bei ya juu bila sababu. Mtu mwenye kiu hunywa bia kama maji, na hapo ndipo bili inapoanza kukimbia.

5. Kama una chupa ya zawadi, iache ikiwa na muhuri wake, ifunge kwenye nguo, iweke kwenye begi kubwa, na itaje mbele ya mkaguzi kabla hajaiona. Chupa iliyotajwa ni mzigo. Chupa iliyokutwa ni kesi.

6. Kama unasafirisha kreti au katoni kwa biashara, kwa mfano kwenda Ukerewe, ziandikishe na uzilipie kama mzigo. Usizigawe kwa abiria wenzako wakubebee. Uzito usioandikwa ndio unaompotosha nahodha.

7. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania wa siku hiyo. Ukisikia upepo mkali na mawimbi, safiri mkavu kabisa.

8. Kama unatumia dawa, muulize mfamasia. Flagyl na pombe havipatani. Dawa nyingi za kuzuia kichefuchefu cha safari huleta usingizi, na zikikutana na pombe usingizi huo huwa mzito kuliko inavyofaa mtu anayelala chomboni.

Ukiwa ndani

Kitu cha kwanza si kaunta. Ni jaketi la kujiokolea. Likukute unajua liko wapi, limefungwaje, na mlango wa karibu ni upi. Fanya hivyo ukiwa mzima, kwa sababu kamba za jaketi zinazofungika kwa urahisi mchana humshinda mtu mwenye bia tatu gizani. Kama una watoto, wafungie majaribio mara moja kila mmoja.

Ukifika kaunta, uliza bei kabla chupa haijafunguliwa. Muulize mhudumu kwa heshima, "Dada, ya baridi bei gani leo?", kisha lipa chupa moja moja. Bili inayolimbikizwa hadi Kemondo huzaa ugomvi, hasa pale marafiki wanapomwaga ofa na hakuna anayekumbuka nani alisema nini. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD). Ni wajibu wa muuzaji kuitoa na wajibu wako kuichukua, na ndiyo ushahidi pekee ukitozwa tofauti na bei uliyotajiwa.

Kwa pombe kali na mvinyo, tazama stempu ya kodi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Ipo programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu ambayo husoma stempu hiyo na kukuonyesha kama ni halali. Dakika moja ya kuhakiki inafaa, kwa sababu pombe bandia huuzwa zaidi mahali mnunuzi ana haraka, na gatini kila mtu ana haraka.

Kunywa umekaa, ndani, mbali na reli. Chupa moja ya maji kwa kila chupa ya bia. Acha kunywa saa kadhaa kabla ya kushuka: ngazi ya kushukia wakati wa msukumano wa alfajiri, mtu ana mzigo kichwani na mtoto mkononi, ndiyo sehemu inayoangusha watu. Chupa tupu irudishe kaunta. Ziwa hili ndilo linalotoa maji ya kunywa ya Mwanza.

Kamanga: safari fupi, hatari yake ya peke yake

Kwenye kivuko cha Kamanga swali la bei ya kaunta halipo. Safari kati ya jiji na upande wa Sengerema huisha kabla mtu hajamaliza mazungumzo. Hatari iko kwenye foleni, na iko zaidi kwa dereva.

Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, mwenye gari anayetoka Sengerema au Geita ana njia ya kuingia Mwanza bila kusubiri kivuko. Anayechagua Kamanga kwa sababu ni karibu na katikati ya jiji achague pia kusubiri bila bia. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania inaweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu, na dereva wa gari la abiria hatakiwi kuwa na kilevi kabisa. Lakini kupandisha gari kwenye kivuko kunahitaji umakini kuliko barabara: mteremko, chuma kilicholowa, watu wa miguu pande zote, na nafasi ya kiganja kati ya gari na gari. Kiatu kikiteleza kwenye breki hapo, anayegongwa ni mama mwenye beseni la dagaa aliyesimama mbele yako.

Kwa hiyo, kwa kivuko kifupi kanuni ni tatu tu. Dereva asinywe tone. Abiria washuke kwenye gari wapande kwa miguu kama wanavyoelekezwa. Aliyekwisha kunywa akae katikati ya kivuko, asisimame kwenye mlango wa magari.

Makosa yanayorudiwa kila wiki

Kujaza pombe kwenye chupa ya maji au soda. Hili linatangulia mengine yote. Wakaguzi wanalijua: kifuniko kilichokatika muhuri, kiwango kisicholingana na cha kiwandani, soda yenye rangi iliyofifia na isiyotoa povu ukiitikisa. Lakini ubaya wake mkubwa hauhusu kukamatwa. Usiku, kwenye viti vya daraja la tatu, chupa za maji zinafanana. Mtoto akiamka na kiu ananyoosha mkono kwenye ile iliyo karibu. Pombe kali hushusha sukari kwenye damu ya mtoto kwa haraka, na mafunda machache yanatosha kumlaza asiamke. Kama huwezi kuacha mengine yote, acha hili.

Kumalizia yote getini "ili isipotee". Mtu aliyeambiwa chupa haipandi huikata palepale kwa mafunda manne. Kilevi kinapanda kichwani nusu saa baadaye, akiwa ameshavuka geti na yuko kwenye ngazi. Mwachie anayekusindikiza arudi nayo nyumbani.

Kununua pombe ya kienyeji iliyochemshwa kwa sababu ni rahisi. Gongo ni haramu kisheria, na hakuna kaunta wala stempu inayokuambia kilichomo. Methanoli haina harufu ya kukutahadharisha. Februari 2024 huko Kirinyaga, Kenya, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe yenye sumu. Dalili za macho kuona ukungu na tumbo kuuma zinaweza kuja saa nyingi baada ya kunywa, yaani ukiwa katikati ya maji, mbali na hospitali.

Kubishana na baharia. Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu nani anasafiri, na mlevi mwenye fujo anaweza kukataliwa hata kama tiketi yake ni halali. Kama umeonewa, andika jina la chombo, tarehe na saa, kisha peleka malalamiko kwa mwenye chombo au TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa majini nchini.

Kumtuma kijana mdogo abebe. Umri wa kununua pombe Tanzania ni miaka 18. Anayemtia mtoto chupa begini kwa kudhani hatakaguliwa anamfundisha mambo mawili mabaya kwa safari moja.

Ukivuka mpaka

Anayekwenda Uganda au Kenya, kwa maji au kwa barabara kupitia Mutukula au Sirari, aikumbuke Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Msafiri mwenye umri wa miaka 18 na zaidi anaruhusiwa kuingia bila ushuru na lita moja ya pombe kali, au lita mbili za mvinyo, kwa matumizi yake. Zaidi ya hapo, tangaza na ulipie. Mizinga miwili ya mililita 750 tayari imepita kiwango. Weka risiti pamoja na chupa, na chupa iwe imefungwa.

Kwa wanaopanda meli za utalii za nje

Wapo Waswahili walioko Marekani na Ulaya wanaokwenda safari hizi na familia, na wapo wanaozifanyia kazi. Kanuni za meli hizo ni kali na zimeandikwa. Carnival, kwa mfano, humruhusu abiria mwenye miaka 21 na zaidi kuingia na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 siku ya kupanda, kwenye begi la mkononi. Ukiinywa mgahawani badala ya chumbani unatozwa dola 15 za kufunguliwa. Pombe kali na bia haziingii.

Ujanja umejaribiwa wote. Watu wametia vodka kwenye chupa za dawa ya kusukutulia kinywa wakaitia rangi ya chakula, wengine wakatumia chupa za shampuu na mifuko laini ya plastiki isiyolia kwenye mashine. Matokeo yake mwaka 2015 Carnival na Norwegian ziliwazuia abiria wote kupanda hata na maji ya chupa, kwa sababu waficha vodka walikuwa wamezigeuza chupa hizo kuwa njia yao. Abiria wasioficha chochote ndio waliobeba gharama ya ujanja wa wengine.

Kabla ya kununua kifurushi cha vinywaji, fanya hesabu:

1. Tafuta bei ya kifurushi kwa siku, ongeza malipo ya huduma, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18 au zaidi.
2. Zidisha kwa siku zote za safari, kwa sababu kifurushi hakinunuliwi kwa siku moja moja.
3. Zidisha tena kwa watu wazima wote wa chumba kimoja. Kwenye kifurushi cha Carnival, mmoja akinunua wote wa chumba hicho hununua, na kikomo ni vinywaji 15 vya kilevi kwa saa 24.
4. Gawa jumla kwa bei ya kinywaji kimoja, kisha kwa siku za safari na kwa idadi ya watu wazima hao. Ukipata zaidi ya vinywaji vitano kwa siku na wewe ni mtu wa viwili, kiache.

Siku ambazo meli imetia nanga unaweza kunywa mjini kwa bei ya mjini. Chupa utakayoinunua bandarini huchukuliwa mlangoni na kurudishwa siku ya mwisho, kwa hiyo inunue kama zawadi ya nyumbani. Kanuni hizi hubadilika, na tovuti ya kampuni ndiyo ya kusoma wiki moja kabla ya kuondoka.

SANDUKU: MTU AKIZIDIWA, AU AKIANGUKA MAJINI

Aliyezidiwa na pombe:
- Mlaze ubavu, kichwa kikiwa kimeelekezwa upande ili matapishi yatoke.
- Usimwache peke yake na usimpe kahawa, pombe nyingine wala dawa ya kulala.
- Usimlazimishe kutapika. Mfunike.
- Akipumua polepole sana, akiwa wa baridi, au asipoitikia ukimfinya, mwite baharia mara moja. Asiachwe "alale tu".

Aliyeanguka majini:
- Piga kelele "Mtu majini!" na uendelee hadi nahodha ajue.
- Mtupie boya au kitu chochote kinachoelea.
- Mtu mmoja aendelee kumnyooshea kidole bila kuondoa macho. Usiku kichwa cha mtu hupotea kwenye wimbi ndani ya sekunde chache.
- Usiruke kumfuata.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA GETI

☐ Nimeuliza kanuni ya chombo kuhusu pombe.
☐ Ninajua bei ya kaunta, na kiasi changu kimetengwa.
☐ Nimekula na nina maji ya kutosha.
☐ Chupa ya zawadi ina muhuri, stempu na risiti.
☐ Hakuna pombe kwenye chupa ya maji au soda, yangu wala ya mwenzangu.
☐ Dereva wa upande wa pili hajanywa, na kama ni mimi, sinywi.
☐ Watoto wanajua jaketi zao ziko wapi.
☐ Simu ina chaji.

Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Zihifadhi kwenye simu ukiwa bado gatini, maana katikati ya ziwa mtandao hukatika. Na ukimwona abiria amelewa anasogea kwenye reli, usisubiri awe ndugu yako ndipo umwite baharia.